Harufu ya Achari

Yogamalar aliuchukia mji wa Båtsfjord kwa pua kabla hajauona vizuri kwa macho. Mlango wa gari ulipofunguliwa, asubuhi ile ya Novemba, baridi ilimchapa usoni, na nyuma ya baridi ikaja harufu ya samaki. Haikumwacha tena.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Nyumba yao ya Nallur, kule kwao Jaffna, ilikuwa imebomolewa kwa mabomu ya vita, na binti yao Vathani, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha samaki huku kaskazini mwa Norwei, ndiye aliyewaita wazazi wake waje kukaa naye. Tangu azaliwe Yogamalar hajala kitu chenye damu. Mumewe Sivapatham vilevile. Mzee huyu alikuwa mkuu wa posta, mtu wa shati jeupe na majivu matakatifu kwenye paji la uso, na kwa miaka thelathini na minne ya ndoa mkewe hakumnusa kitu kibaya kuliko wino.

Baada ya wiki tatu mzee naye aliingia kiwandani, kazi ya kupasua samaki na kutoa matumbo. Jioni alirudi na magamba kwenye nyusi. Yogamalar alimvulia ovaroli pale pale kwenye kijichumba cha mlangoni kisichokuwa na hita, akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya aliyekufa. Usiku kucha ovaroli iliganda, asubuhi ikawa inasimama yenyewe. Mzee alioga mara mbili, na bado mkewe alilala akitazama ukuta.

Madirisha hayakufunguka mpaka masika. Watu walisifu weupe wa theluji. Yeye aliona mikojo ya mbwa na mate ya tumbaku. Kamasi za mumewe ziliganda kwenye masharubu, na zilipoanza kuyeyuka ndani ya nyumba, mzee alizilamba bila kujijua. Mkewe aliondoka mezani. Lakini nje barafu ilikuwa kama sahani iliyopakwa mafuta. Siku yake ya pili alianguka chali mbele ya duka watu wakimtazama, na tangu hapo hakutoka bila kuushika mkono wa mzee, huku amegeuza uso upande wa pili.

Desemba, jua lilipokoma kabisa kuchomoza, miguu ikaanza kumuuma. Ngazi ya nyumba ikamshinda. Alikaa katikati yake kupumzika. Nywele zikabaki kwenye kitana. Muuguzi alimpima, akamwekea mezani chupa ya mafuta ya ini la samaki.

"Mama, anasema kila mtu huku anakunywa, hata watoto," Vathani alifasiri.

"Mwambie ahsante. Mwambie sitaki."

"Anasema bila jua mifupa yako italainika."

"Ilainike."

Sivapatham aliichukua chupa ile akaitia mfukoni mwa koti. Mkewe alidhani ni adabu tu, ili mwenyeji asione amedharauliwa.

Mwishoni mwa Februari miguu ilitulia. Yogamalar alipanda ngazi bila kusimama, akamshukuru mungu wake Murugan kwa kumwashia taa kila siku. Kisha siku moja ya Machi alikwenda kijichumbani kuchukua chupa ya achari ya maembe, ambayo mumewe alikuwa na mazoea ya kumpakulia kila mlo. Mafuta yake yalikuwa yameganda. Akaiweka juu ya hita ilainike, akaendelea kuchambua dengu.

Harufu ilipomfikia, alidhani ovaroli imeingizwa ndani. Akatafuta nyuma ya mlango, akatafuta chini ya kitanda. Mwisho akainama juu ya achari iliyokwisha kupata joto, akanusa, akajua.

Alitapika mpaka ikabaki nyongo. Sivapatham aliporudi alimkuta ameketi sakafuni, chupa mbele yake.

"Baba Vathani, umetia nini humu?"

Mzee alivua kofia. Hakujaribu kuongopa. "Kijiko kimoja. Siku moja naacha, siku moja natia."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi yao. Ulikuwa hupandi ngazi, Mama Vathani. Ningefanyaje? Nikutazame ukilemaa?"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Basi ulijua nitakataa. Ukanilisha."

Vathani alitoka chumbani, akataka kupatanisha. "Lakini Mama, si umepona?"

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alitazama miguu yake iliyonyooka, akaona mwili wake umekula uchafu ule, ukaupenda, ukanawiri. Alijikuna mikono kana kwamba uchafu huo ungemtoka. Akatoka nje na chupa, akaimwaga kwenye theluji. Shakwe walishuka wakapigana juu ya maembe mpaka theluji ikawa nyekundu kwa pilipili.

Kwa siku tatu alikunywa maji tu. Siku ya nne alivaa viatu vyenye meno ya chuma na kwenda zahanati peke yake, hatua fupi fupi, akishika kuta za nyumba za watu. Sivapatham alimfuata kwa mbali; mkewe alimwona, hakumwita. Akamwambia muuguzi maneno mawili aliyofundishwa na Vathani: siyo samaki. Muuguzi alielewa, akaagiza vidonge visivyo vya samaki kutoka mji wa Tromsø. Kumbe vilikuwepo siku zote. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Tangu siku hiyo alipika kwenye sufuria yake, akala kwenye sahani yake, na kabati lake likawa na kufuli. Mumewe alichemsha wali wake mwenyewe, vibaya. Mwaka wa pili, wakila kila mmoja upande wake wa meza, mzee aliuliza kwa sauti ndogo kama amesamehewa.

"Nilishakusamehe," alisema Yogamalar. "Ila kinyaa hakijaniisha. Nikikutazama mikono, nakiona kijiko kile."

Sivapatham akaiteremsha mikono chini ya meza. Mkewe alimaliza dengu zake, akaosha sahani, kisha akamletea koti, kwa kuwa duka lilikuwa karibu kufungwa, nje kulikuwa na barafu mpya, na alihitaji mkono wa kushika.