Kikohozi cha Mzee wa Trei

Mzee wa trei hapa klabuni hukohoa mara mbili kabla ya kuingia ukumbini, hata kama ndani mna viti vitupu. Ilikuwa amri ya wazungu walioijenga klabu: mhudumu akohoe, wakubwa wapate kumeza siri zao. Wazungu walishafunga virago, kikohozi kikabaki. Vidole vyake vimepinda kama vishikio vya vikombe, na glovu zake nyeupe huzivua kwa meno. Wanachama wa siku hizi, matumbo mbele kama wajawazito wa mapacha, humtania: "Babu, si ukanywe dawa!" Naye hujibu, "Nikipona, mtajuaje kama naja?"

Juzi kamati ilikaa kujadili kumwachisha kazi, nami nikiandika kumbukumbu za kikao. Mzee akaingia na chai bila kukohoa, mwenyekiti ndiyo kwanza anasema, "Huyu amechoka, tumuage Ijumaa." Mzee akagawa vikombe, hakumwaga hata tone, kisha akamwinamia mwenyekiti. "Malizia, mwanangu. Wazungu walikuwa wakinificha mambo yangu, lakini ninyi ni watu wa nyumbani." Mwenyekiti akakoroga chai isiyo na sukari mpaka kikao kikaahirishwa.