Mguu wa Kushoto wa Baba

Harufu ya klachi inayoungua inakaribiana na ya nywele zilizochomwa, ila ina ukali unaobaki kooni hata baada ya chai. Mwaka niliomaliza darasa la nane, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, harufu hiyo ilikuwa kwenye sweta yangu na kwenye nywele zangu, na Mama alidai aliisikia hata kwenye ugali. Tulikuwa tunaishi Riruta, kwenye ploti iliyokuwa chini kabisa ya njia ya udongo mwekundu, na njia hiyo ilipanda moja kwa moja hadi Naivasha Road. Jua likiwaka hakuna aliyeifikiria. Mvua ikinyesha, ilikuwa kama sahani iliyopakwa mafuta, na anayeishi chini alikaa chini mpaka ikauke. Baba hakuweza kungoja ikauke. Alikuwa na pikapu kuukuu aliyobebea mabati na saruji kutoka maduka ya River Road hadi kwa watu waliokuwa wakijenga upande wetu, na asipofika dukani asubuhi, mzigo ulipewa mwenye pikapu nyingine.

Miezi michache kabla ya mvua, fungu la vyuma vya ujenzi lilimponyoka mpakiaji mmoja likamwangukia Baba mguu wa kushoto. Mfupa uliunga vizuri, daktari akamsifu, lakini mguu wenyewe ukakataa kusukuma kitu chochote. Aliweza kutembea kwa kuchechemea. Kukanyaga klachi hakuweza kabisa. Mama hakuwahi kushika usukani maishani mwake, na mdogo wangu alikuwa hajafikisha urefu wa meza. Nilikuwa nimetoka tu kwenye mtihani, sina shule, na nina miguu mirefu niliyochekewa nayo darasani miaka yote. Basi Baba akanitazama miguu, nami nikajua likizo yangu imekwisha kabla haijaanza.

Ile pikapu ilikuwa na kiti kimoja kirefu mbele, na gia yake ilikuwa pembeni mwa usukani. Baba aliukunja mguu wake mbovu nyuma, chini ya kiti. Mimi nilikaa katikati, nimebanwa kwenye ubavu wake, mguu wangu wa kulia nimeunyoosha hadi chini ya usukani wake, bila kiatu. Kiatu alikikataa siku ya kwanza. Alisema kiatu hakisikii. Yeye alishika usukani, gia na mafuta. Mimi nilikuwa klachi. Dukani hakuna aliyejua. Baba alibaki ndani ya gari wapakiaji wakipakia, anapiga soga dirishani kama mtu asiye na haraka, na mimi nikiwa pale kando yake nikiitwa msichana anayempenda sana baba yake, asiyetaka kuachwa nyumbani. Nilitabasamu kama nilivyofundishwa. Walioniona watakuwa walidhani nina bahati.

Kwenye lami kazi ilikuwa rahisi. Taabu yote ilikuwa pale nyumbani, kwenye kile kilima, asubuhi, pikapu ikiwa tupu na nyepesi nyuma. Baba aliweka magunia ya mchanga juu ya tairi za nyuma ili zipate cha kuzikandamiza, kisha tuliondoka kwa gia ya pili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na nguvu za kuchimba shimo. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hadi leo sijui kukieleza vizuri. Klachi ikiachiwa kidogo kidogo kuna mahali inaposhika. Injini inashusha sauti, pua ya gari inainuka kidogo tu, na kwenye unyayo unahisi mtetemeko kama wa paka anayekoroma. Pale ndipo pa kungoja. Ukiachia ghafla, tairi zinazunguka bure na matope yanaruka hadi kwenye nguo za jirani, na gari linateremka kando kando kuelekea mtaroni. Ukichelewa, harufu. Na juu kabisa, tairi za mbele zikigusa lami na za nyuma zikiwa bado kwenye utelezi, tulingoja mwanya kati ya magari, na mwanya ukitokea ilibidi tuchomoke mara moja lakini kwa ulaini, watu wawili kama mmoja. Baba hakunihesabia. Alivuta pumzi, nami nikaachia. Kufikia Disemba nilijua pumzi zake kuliko nilivyozijua zangu.

Nilizichoka pia, na sioni haya kusema. Wenzangu walikuwa wakisukana nywele barazani na kutembeleana, wakizungumzia shule walizotumaini kuitwa. Mimi nilinusa jasho la Baba na saruji kutoka asubuhi hadi saa nane. Nikirudi, badala ya kupumzika, nilitumwa. Ghafla nyumba yetu ilikuwa na mahitaji ya ajabu: kusaga mahindi kwenye posho mili ya mbali, kupeleka salamu kwa shangazi, kufuata maziwa kwa mama fulani wakati jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa na ng'ombe. Nikirejea jioni ile harufu ilikuwa imetanda uani, nami nikadhani sasa imeingia puani mwangu na haitatoka tena.

Januari barua ya kidato cha kwanza ikaja. Ilikuwa shule ya bweni, mbali, upande wa Embu, na nilikuwa nimeichagua mwenyewe. Mama aliibusu ile barua. Baba aliisoma, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha. Nilimwuliza kama nitaenda. "Tutaona," akasema. Kila mtoto wa Kenya anajua "tutaona" maana yake nini. Wiki zikapita. Mama alininunulia sanduku la bati, nikalipanga, nikalipangua, nikalipanga tena, na kila asubuhi nikavua kiatu nikaingia katikati. Nilimwonea huruma na nilimchukia, vyote kwa pamoja, nikiwa nimemwegemea bega. Nani angempandisha kile kilima? Hakukuwa na mtu, na sote wawili tulijua.

Siku ya kuripoti mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua isiyo ya majira yake. Baba mwenyewe alilipandisha sanduku langu nyuma, juu ya magunia ya mchanga. Niliinama kuvua kiatu.

"Vaa kiatu," akasema. "Leo utakaa kwa dirisha."

Mama alikaa katikati, magoti ameyavuta upande wangu. Baba akachomoa nyuma ya kiti mpini wa jembe, uliopigiliwa kipande cha soli ya mpira ya patapata kwenye ncha. Akaukita juu ya klachi kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye usukani. Tulipanda nusu ya njia, tairi zikaanza kuzunguka, gari likainama kuelekea mtaroni. Mguu wangu ulinyooka wenyewe, ukapita magoti ya Mama.

"Hiyo mguu yako wacha ikae huko kwako," Baba akasema, hakunitazama. "Mimi nitafika."

Akaliacha gari lirudi nyuma taratibu hadi penye changarawe. Akavuta pumzi. Mpini ukapanda polepole, injini ikashusha sauti, pua ikainuka, na nikahisi ule mtetemeko kwenye kiti badala ya kwenye unyayo. Tukapanda. Juu akangoja, mwanya ukatokea, akachomoka. Mama akasema, kama anayezungumzia bei ya mboga za sukuma, kwamba tangu kabla barua haijaja Baba alikuwa akifanya mazoezi uani kila nilipotumwa. Nililia hadi mjini. Nilikuwa huru na nilikuwa sihitajiki tena, na sikujua nalilia lipi.

Njia ile sasa imewekwa mawe ya kabro, na gari langu halina klachi. Unakanyaga tu, lenyewe linajua ni tairi gani inayoteleza. Nikimchukua Baba siku za kliniki, hukaa kiti cha kushoto, dirishani. Tukifika juu, kwenye Naivasha Road, magari hayatoi nafasi, na mimi huiona nafasi kabla yake, maana macho yake yamechoka. Lakini naona pia ngumi yake ya kushoto ikiwa imekandamiza paja, imeshika mpini usiokuwepo. Mimi humngoja. Anavuta pumzi, ngumi inainuka polepole, ndipo naondoa gari.