Kipande cha Mama Nyuma ya Nyumba ya Mawe

Safari yangu ya Ufaransa ilikuwa ya mafunzo ya walimu wa Kifaransa, lakini mzigo mzito niliobeba haukuwa wa shule. Mama Generoza, Mrundi anayelima maharagwe katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ana mtoto mmoja tu, Dezire, kibarua wa shamba katika kijiji kidogo cha Ufaransa. Karatasi za kumfuata zilikuwa tayari. Yeye ndiye hakuwa tayari.

"Mwalimu, picha zake ni za keki na theluji tu," aliniambia. "Uende uniangalie fasi ya kulima. Kama hakuna, mimi nabaki."

Alfajiri niliondoka Mbarara kwa basi kwenda uwanja wa ndege, ukungu ukiwa bado umevilalia vilima vya Kamukuzi. Mafunzo yalipokwisha, treni mbili zikanipeleka kwa Dezire.

Saa mbili usiku nilipofika, jua lilikuwa bado limesimama juu ya ngano, nikahisi naota. Kijiji chote unakizunguka kabla chai haijapoa: kanisa kileleni, nyumba za mawe, mto mwembamba bondeni, na mashamba yakiteremka polepole kama ya Kabingo kwetu, ila hakuna migomba. Ng'ombe wao weupe wana pembe fupi. Niliwaonea huruma, Mnyankole mimi niliyezoea ng'ombe wa pembe ndefu.

Kesho yake Dezire alinipeleka nyuma ya nyumba. Viazi, vitunguu, kisha kipande kitupu cha udongo mweusi, kimepaliliwa vizuri, hakina hata mche.

"Na hapa?"

"Hapa sipandi kitu, mwalimu. Iko fasi ya mama. Miaka tatu napalilia tu."

Nilikaa pale kitambo, kengele ya kanisa ikilia, bila haja ya kwenda popote.

Niliporudi Nakivale, Mama Generoza alinipa kijiti. "Chora."

Nikachora uani mto, njia, kanisa, nyumba. Akauliza jua linachomozea wapi, na maji ya mvua yanapita wapi. Nusu ya majibu sikuwa nayo. Kumbe nilikuwa nimepita tu, wala sikuwa nimekiona kijiji. Mwisho nikachora kile kipande, nikamweleza maneno ya mwanawe, na ile kengele.

Kisha akavua ndala, akauruka mto wangu kwa uangalifu, akasimama katikati ya kipande chake, akageukia kanisa.

"Kengele nitaisikia nikiwa nalima," akasema. "Umupigie simu. Umuambie mbegu nakuja nazo."