Jina langu lilikuwa kwa list ya first aiders wa shule, na sikuwa nimefunzwa hata siku moja

Wakuu, habari za hapa. Mimi huwa nasoma tu na kuondoka, sicomment sana. Leo nimeamua kuandika juu hii kitu imenikaa kwa roho tangu July na nikiendelea kuinyamazia itanimaliza.

Sitaongeza chumvi. Mahali nilikosea mimi mwenyewe nitasema, na nilikosea.

Mimi nilikuwa secretary kwa shule moja ya boarding ya wasichana, juu huko upande wa Kedowa. Jina la shule sitaji, bado nakula huko. Wenye wanajua hizo sides wanajua baridi yake. July asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya ofisi.

Kulikuwa na msichana wa Form Three, nitamwita Achieng. Familia yao asili ni watu wa upande wa ziwa, lakini mama yake amefanya kazi kwa factory ya majani chai huku Kericho miaka mingi.

Achieng ana sickle cell. Kwa wenye hawajui, ni ugonjwa wa damu, mtu anazaliwa nao. Chembe za damu zinajikunja, zinaziba mishipa, na mtu anashikwa na maumivu ya mifupa yenye mimi na wewe hatuwezi kuelewa. Baridi inayaleta. Kukosa maji inayaleta. Kuchoka sana inayaleta.

Ndiyo maana siku ya kureport mama yake alikuja na barua ya daktari. Ukurasa mmoja tu. Msichana avae jacket nzito, awe na maji hata darasani, asikimbizwe asubuhi, na akishikwa na kifua ama homa apelekwe hospitali hapo hapo.

Alinipatia hiyo barua na mikono miwili. Nikatoa photocopy. Moja nikaweka kwa file, moja nikampelekea Deputy, naibu wa mwalimu mkuu, yeye ndiye anashughulikia mambo yote ya wanafunzi.

Deputy aliangalia juu juu tu. Akasema siku hizi kila mzazi ana barua.

Sasa sikizeni hii.

Hiyo term ya kwanza kulikuja watu wa chuo kikuu fulani wakifanya research. Walitaka kujua shule zinashughulikia aje watoto wenye magonjwa ya kudumu, wanafunzi wakilemewa na stress wanaongea na nani, na kama kuna watu wamefunzwa mambo ya emergency. Watu wapole. Waliacha form asubuhi, wakasema watachukua jioni.

Kulikuwa na mahali pa kuandika majina ya staff wamefunzwa first aid. Hatukuwa na hata mmoja. Nurse tulikuwa naye, akaenda, na hakuna mwenye alitafuta mwingine.

Nikamuuliza Deputy niandike nini. Akaniambia, "Andika watano. Anza na wewe."

Nikamuuliza tena nitaandikaje na sijafunzwa. Akasema hiyo ni form tu, na shule ikionekana vibaya ni sisi wote tumeonekana vibaya.

Nikaandika. Mkono wangu, kalamu yangu. Hakuna mtu alinishikia kisu.

Na hiyo list ilimpendeza. Akasema niitype vizuri nibandike kwa notice board, ndio wageni wakikuja waione. Nikabandika. Wale watafiti wakachukua form yao, wakatushukuru sana, wakaenda.

July ikafika. Wiki moja hivi Deputy akaamua uniform imeharibika, wasichana wanavaa jacket za kila rangi. Zikakusanywa zote zikafungiwa store. Achieng akasema yeye ana barua. Akaambiwa sweater ya shule inatosha watu wote.

Na morning run akakimbia kama wengine. Siku tatu, kwa manyunyu.

Tuesday akaanza kulia miguu. Deputy akasema kuna CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya term, anaogopa. Akapelekwa kwa sanatorium. Sanatorium ni jina tu, ni chumba kiko na vitanda viwili na madeski zimevunjika. Na mimi nilisikia ako huko. Nilisikia, nikaendelea kutype exam ya Biology.

Wednesday kama saa nne asubuhi wasichana wawili wakaingia ofisini mbio. Mmoja akasema, "Madam, tumeangalia kwa notice board. Wewe ndio first aider."

Wakuu, hayo maneno nitakufa nikiyasikia.

Nilienda. Nilimpata amelala upande, anapumua kifupi kifupi, mkono kwa kifua, midomo imepoteza rangi. Wenzake wamemrundikia blanketi zao. Wote wakanigeukia. Wakanipisha.

Nikasimama tu. Sikujua nimlaze ama nimkalishe. Sikujua nimpe maji ama nimnyime. Nikamshika mkono nikamwambia pole. Hiyo ndiyo first aid yote shule yetu ilikuwa nayo.

Yeye ndiye alinikumbusha. Aliongea polepole, akitafuta pumzi katikati ya maneno. "Madam, barua inasema kifua ni hospitali."

Mtoto mgonjwa ndiye ananisomea barua yenye mimi nilifile.

Nikakimbia staffroom. Deputy akasema basi imepeleka timu ya netball mjini, itarudi saa nane, tumpe Panadol tungoje. Gari yake ilikuwa imepark hapo nje, naiona kwa dirisha. Hakuitaja. Na mimi, kwa uoga wangu, sikuitaja.

Kurudi nikapata Mama Chepkoech, mpishi wetu, ameingia. Wasichana walikuwa wamemwita. Huyu mama alichuna chai kwa estate kabla aje shule, na huko waliwahi kufunzwa emergency. Tena jirani yake huko kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, alikuwa na mtoto wa sickle cell.

Hakupiga kelele. Alimkalisha Achieng, akamwegemeza kwa ukuta na mito. Akamfunika vizuri. Akatuma wasichana jikoni walete maji vuguvugu, akampea kidogo kidogo. Akamuuliza inauma wapi, tangu lini, kama ameshikwa na homa. Kisha akaniangalia.

"Huyu si wa kungoja basi," akasema. "Wewe tafuta gari, mimi nabaki na yeye."

Nilitoka gate nikasimamisha pickup ya maziwa. Nilisimama katikati ya barabara kabisa. Dereva alipoelewa, alishusha mitungi yake hapo kwa nyasi bila kuuliza maswali. Achieng akakaa mbele katikati yetu, amevaa koti ya Mama Chepkoech yenye inanuka moshi wa jikoni.

Hospitalini walimkimbiza ndani wakamweka oxygen. Baadaye akaongezwa damu. Daktari aliniuliza ni nani amekuwa akimwangalia hizo siku mbili. Nikasema ni sisi. Akaniambia tungengoja saa nane pengine tungeleta mwili.

Mama yake alifika na overall ya factory. Niliogopa atanipiga, na angenipiga singeinua mkono. Alikaa kando ya kitanda, akamshika mtoto mguu, akasema "nyathina, nyathina", mtoto wangu, mara nyingi tu. Kisha akaongea na mimi bila kunigeukia.

"Nilileta barua. Nilifikiri mkiwa nayo, ako salama."

 

Sasa kitu yenye inanichoma kuliko zote. Wiki iliyofuata Deputy aliniita nitype report ya board ya shule. Alitaka niandike mwanafunzi alihudumiwa mara moja na staff wamefunzwa first aid. Alikuwa ananisomea sentensi kwa sentensi, sauti imetulia, kama mtu anaagiza chai.

Nilitoa mikono kwa keyboard. Nikamwambia hiyo siandiki. Akaniambia nifikirie kazi yangu. Nikamwambia nimefikiria.

Nikaandika yangu, vile ilikuwa, na majina matano ya uongo pamoja na langu, nikaipeleka kwa board mwenyewe. Kisha nikapigia wale watafiti, namba walikuwa wameacha. Nikamwambia yule mama alipokea simu kwamba form yetu ni uongo na mimi ndiye nilijaza. Akanishukuru, akauliza kama mtoto ako hai.

Walirudi term ya tatu wakafunza. Walimu wawili tu ndio walikuja. Wenye walijaa ni wapishi, watchman, na wasichana wenyewe. Mimi nilikaa mbele. Deputy bado ni Deputy, board ilimpa barua ya onyo tu. Mimi nilitolewa ofisini nikapelekwa bookstore, stoo ya vitabu vya shule.

Achieng yuko mzima. Sasa anakaa kwa shangazi yake Soin, huko chini kuna joto, na anasoma day. Mama yake hajanisamehe na simlazimishi.

Chenye nimejifunza ni hiki. Mzazi mwenye mtoto ana sickle cell, asthma, kifafa, sukari, usiache barua kwa ofisi ukaenda nyumbani. Uliza nani ataisoma. Taka kumwona huyo mtu kwa macho, aulizwe mbele yako atafanya nini mtoto akianguka. Ongea na wapishi. Ongea na wenye wanalala dorm moja na mtoto wako. Na wewe mfanyakazi kama mimi, ukiambiwa ujaze uongo kwa form ya afya, kataa hapo hapo, usingoje kama mimi.

Walimu, matron, wazazi, na nyinyi wenyewe mnaishi na hii ugonjwa, semeni venye mambo iko shuleni kwenu. Na mwenye anataka kunitusi juu ya lile jina nililoandika, atusi tu. Nitasoma zote.