Vijiti Vilivyosimama Kwenye Wali

Siku ya kwanza kazini, kwenye nyumba ya Wachina kule Kawe, nilipakua wali bakulini nikachomeka vijiti vya kulia katikati, visimame, visije vikabiringika mezani. Nilijiona mpishi hodari. Bibi, mama mzazi wa Bosi, alinipiga kikofi cha mkononi, akavichomoa na kuvilaza juu ya bakuli.

"Kusimama, ya mtu kufa," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Kulala, ya mtu hai."

Nyie mnaotafuta kazi za upishi sasa mnadhani chakula cha Kichina ni tambi na soya sosi. Nyumbani kwao hakikuwa hivyo. Asubuhi uji wa mchele usio na sukari, pamoja na yai la chumvi. Mchana mboga za majani zilizopitishwa haraka kwenye karai lenye moto mkali. Jioni samaki wa mvuke: changu mzima kwenye sahani, sahani ndani ya sufuria yenye maji kidogo yanayochemka, na juu yake tangawizi niliyoichagua mwenyewe sokoni Tandale. Bibi alinifundisha kwa kunishika mkono. Nilimpenda kama mama yangu.

Bosi alikuwa mkandarasi wa barabara. Akisafiri, bakuli lake liliwekwa mezani vilevile, limejaa, vijiti vimelazwa. Ndivyo Bibi alivyotaka: asiyekuwepo apakuliwe, apate kurudi.

Masika moja Bosi alienda kusini, simu yake ikawa haipatikani. Mchana mmoja nilitoka jikoni na sahani ya mchicha, nikakuta vijiti vya Bosi vimesimama katikati ya wali. Nyumbani tulikuwa wawili tu, na Bibi alikuwa bafuni, namsikia akimwaga maji. Nikavilaza, nikaenda kuchukua supu. Niliporudi vilikuwa vimesimama tena, na wali niliotoka kuupakua umepoa kama wa jana.

Bibi alikuwa mlangoni, anatazama.

"Bibi, mie sijavigusa," nilisema.

"Najua."

Alivichomoa vijiti vya mwanawe, akavilaza polepole. Kisha akachukua vyake, akavichomeka wima kwenye bakuli lake. Nilinyoosha mkono nivitoe, akanipiga kikofi kilekile cha siku ya kwanza.

"Mimi mzee," alisema. "Yeye ale."

Tulikaa pale mpaka supu ikaganda mafuta. Vijiti vya Bosi havikusimama tena.

Kesho yake jioni Bosi aliingia amejaa matope. Alisema jana mchana gari lao lilisombwa na mto, maji yakamfunika, akasikia harufu ya tangawizi, akaifuata mpaka akashika ukingo. Nilimpikia samaki, akammaliza. Bibi alimtazama akila mpaka mwisho, halafu akaenda kulala. Asubuhi nilimpelekea uji chumbani, nikamkuta ameshapoa.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Temeke. Mwanangu anaendesha malori ya kwenda Kongo. Kila mchana nampakulia wali wake na kijiko nakilaza juu ya sahani. Majirani hunicheka, na mie nawaacha wacheke. Siku nikikuta kijiko chake kimesimama, changu najua pa kukichomeka.