Pikipiki ya Fernande Yagoma Kuwaka

Fernande Gaudreault ni dereva wa basi la shule, lile la njano, katika kijiji chetu kando ya ziwa Saint-Jean. Ana miaka sitini na kitu, na sauti inayosikika hadi ng'ambo ya barabara. Watoto wanampenda kwa sababu hawapigii honi ya pili. Mtoto akichelewa, Fernande hushuka mwenyewe na kugonga mlango. Akikuta buti la kulia limevaliwa mguu wa kushoto, humkalisha mtoto kwenye ngazi na kumvalisha upya, theluji ikiwaangukia wote wawili. Wazazi wanamwogopa kidogo. Mimi ni paroko wake, na namwogopa pia.

Basi ni kazi tu, roho yake iko kwenye pikipiki. Aliinunua katika umri ambao wengine hapa hununua kiti cha kubembea. Ni pikipiki kuukuu, nyekundu, ya silinda mbili, na kiti chake kimeshonwa upya na dada yake Rolande. Rolande, anayeishi naye, aliponyamaza kulia siku ilipoletwa, alikwenda kutafuta uzi. Fernande ndiye aliyemkalia kooni paroko aliyenitangulia mpaka akakubali kubariki pikipiki Jumapili moja ya kila mwezi wa Mei, na tangu hapo Jumapili hiyo wanakuja waendeshaji kutoka pande zote za ziwa. Msafara unaongozwa na Fernande. Hakuna aliyewahi kumpigia kura. Ni yeye tu.

Mwaka huu baridi ilitukalia muda mrefu, na watu wakachokana. Mwezi wa Februari Ghislain Fortin, jirani yao, fundi mstaafu wa magari ya theluji, alisafisha ua wake kwa mashine ya kurushia theluji, na theluji yote ikaenda kutua mbele ya banda la Fernande. Fernande akatoka na koleo, akairudisha ilikotoka, yaani juu ya gari la Ghislain. Yakasemwa ya kusemwa. Tangu siku ile hawakusemeshana tena. Kanisani, wakati wa kupeana amani, walishikana mikono huku mmoja akitazama dari na mwingine akitazama viatu.

Jumamosi, siku moja kabla ya baraka, nilikwenda kwa Fernande kupanga njia ya msafara. Nilimkuta bandani, mikono imejaa grisi, kofia imekaa upande.

"Padri, umekuja wakati mzuri," akasema. "Shika tochi hii."

"Kuna nini?"

"Amegoma. Tangu asubuhi namsihi, hataki hata kukohoa."

Fernande si mtu wa kuacha mambo yajiendee. Betri alikuwa ameitoa tangu vuli, akaiweka chini ya nyumba karibu na tanuru la kupashia nyumba joto, akaichaji mara kwa mara. Asubuhi ile aliirudisha, akakaza nyaya, taa zikawaka vizuri. Lakini akibonyeza stata, kimya.

Upande wa pili wa uzio Ghislain alikuwa anapanga kuni. Niseme kweli: alikuwa anahamisha gogo lilelile kutoka kushoto kwenda kulia na kulirudisha.

"Padri!" akaita. "Hebu muulize huyo mama kama ile swichi nyekundu ya kuzimia injini ameigeuza."

Fernande akakunja uso. "Padri, mwambie huyo mzee nilikuwa naendesha hiki chuma yeye bado anaogopa baiskeli."

Alisema hivyo, lakini niliuona mkono wake ukiteleza polepole mpaka kwenye usukani. Kidole kikasukuma kitu. Tak.

"Mwambie ilikuwa imegeuzwa tangu jana," akaninong'oneza.

"Mama Fernande, mimi ni padri. Huo ujumbe siubebi."

Rolande, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya pai ya sukari, alicheka mpaka sahani ikayumba.

Sasa stata ikazunguka. Injini ikawa inageuka, inageuka, lakini haishiki moto. Fernande akaacha kubonyeza kabla betri haijachoka. Akachukua spana, akafungua plagi ya upande wa kushoto, akaichomeka kwenye kofia ya waya wake, akaigusisha na chuma cha injini.

"Bonyeza, Padri. Kidogo tu."

Nikabonyeza. Cheche ikaruka. Upande wa kulia, vilevile.

"Muulize cheche ya rangi gani!" sauti ikatoka kwenye uzio.

"Buluu!" Fernande akajibu, kisha akakumbuka. "Padri, mwambie buluu."

"Ni buluu," nikasema.

"Nimesikia," akasema Ghislain. "Basi moto upo. Mwambie atazame petroli."

"Mwambie ndiyo ninayoitazama!"

Tangi lilikuwa salama, maana vuli alikuwa ametia dawa ya kuzuia petroli isioze. Lakini alipofungulia skrubu ndogo chini ya kabureta na kukinga kikopo, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya kopo la rangi lililosahaulika. Fernande alikinusa, akafumba macho.

"Ni mimi huyu," akasema taratibu. "Nilitia dawa tangini, sikuiwasha injini ili dawa ishuke mpaka huku. Ya kwenye kabureta ilikaa na kuoza miezi yote."

Nilimwona amefadhaika kuliko nilivyotarajia. Kwake pikipiki ile ni kama mtoto mmojawapo wa basi lake: kumsahau kituoni ni aibu.

Alifungua kabureta zote mbili, akaziweka juu ya gazeti. Vitundu vya kupitishia petroli, vyembamba kama vya sindano, vilikuwa vimeziba kwa utomvu. Rolande akaleta uzi mmoja wa gitaa lake la kwaya, ule mwembamba kabisa, Fernande akavizibua kimoja kimoja akivitazama kwenye mwanga. Tulipogeuka, kando ya mguu wangu palikuwa na dumu la petroli mpya. Ghislain alikuwa ameingia bila kuitwa na sasa alisimama karibu na mlango, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri basi.

"Padri," akasema, "mwambie hiyo nimenunua leo asubuhi."

"Padri," akasema Fernande bila kuinua kichwa, "mwambie asante. Lakini mwambie si kwa moyo wote."

Ghislain akajikuna shingo. Nadhani alikuwa anacheka.

Tukafunga kila kitu. Fernande akabonyeza. Injini ikazunguka, ikapiga chafya, ikashika: pu, pu, pu, pu! Rolande akapiga makofi. Kisha ikazama, ikanguruma kwa shida kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni, ikazima. Tukajaribu tena. Ikashika, ikazima, na moshi mweusi ukajaa bandani.

"Sasa hii ni nini tena?" nikauliza, nikikohoa.

Fernande akachukua tena spana. Akafungua plagi moja upya, akaileta kwenye tochi. Saa moja iliyopita ilikuwa safi, na sasa ilikuwa nyeusi na imelowa. Akaigeuza vidoleni, na uso wake ukaanza kufunguka.

"Inakula lakini haipumui," akasema. "Petroli inapata ya kutosha na kubaki. Hewa ndiyo haipiti."

"Chujio," akasema Ghislain.

"Chujio," akasema Fernande.

Akang'oa kiti, akafungua kifuniko cha boksi la chujio la hewa lililo chini yake, akaingiza mkono. Mkono ukatoka na konzi ya pamba ya rangi ya waridi, ile ya kuzibia kuta za nyumba baridi isiingie. Akatoa tena: nyuzi nyekundu za sufu, maganda ya alizeti yaliyoibwa kwenye kibanda cha kulishia ndege, kipande cha karatasi ya kanisa chenye nyimbo za Krismasi. Boksi lilikuwa limejaa hadi juu. Halafu kitu cha kahawia kikachomoka, kikapita juu ya kiatu cha Ghislain, kikapotelea nyuma ya mapipa.

Ghislain Fortin huwinda kulungu wakubwa wa msituni kila vuli, na mwenyewe huwabeba begani hadi barabarani. Siku ile alipanda juu ya kigoda kwa mruko mmoja.

"Panya! Fernande, panya!"

"Nimemwona! Shuka, utavunja kigoda changu!"

"Sishuki mpaka umtoe!"

"Ghislain, nyamaza kwanza, utawatisha. Njoo uone."

Akashuka. Wakainama wote wawili, vichwa vikigusana, mimi nikiwamulikia. Katikati ya pamba walilala vitoto vya panya, wekundu, hawana manyoya, wamebanana kama maharage.

"Maskini ya Mungu," akasema Ghislain kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Sasa tuwafanyeje?" akauliza Fernande. "Siwezi kuwatupa nje, bado kuna theluji nyuma ya banda."

"Walete kwangu. Nina kuni tele, mama yao atawafuata. Nitawasogeza kidogo kidogo ili asichanganyikiwe."

"Utawasogeza wewe? Wewe uliyeruka kama mtoto?"

"Nilishtuka tu, bwana! Lete kijiko kikubwa cha supu."

Rolande akakataa kutoa kijiko chake, akatoa upawa wa zamani. Wakakihamisha kiota, pamba na vyote, mpaka kwenye buti kuukuu la Ghislain, wakaliweka kwanza karibu na mapipa, baadaye hatua chache kuelekea uzio, wakibishana njia nzima kuhusu upepo unatoka wapi. Hakuna hata mmoja aliyenitaja. Nilikuwa nimepoteza kazi yangu ya ukalimani, na sikusikitika. Nilikula pai.

Chujio lilipokwisha kukung'utwa na kusafishwa, Fernande alibonyeza mara moja. Injini ikawaka, ikatetemeka, ikatulia ikaimba. Aliiacha izunguke muda mrefu, mkono juu ya tangi, akiwa amefumba macho.

Jumapili, wakati pikipiki zimeanza kujipanga mbele ya kanisa na mimi nimesimama na ndoo ya maji ya baraka na tawi la msonobari, watu wawili waliopaswa kuwepo hawakuwepo. Pikipiki ya Ghislain, kubwa na mpya kiasi cha kung'aa mpaka machoni, ilikuwa imelala baridi nzima bandani na betri yake ndani. Asubuhi hiyo haikuwa na nguvu hata ya kuwasha taa. Alikuwa ameshinda Jumamosi nzima akishauri ya mwenzake, yake hata hakuifunua.

Tukasikia ngurumo ya silinda mbili ikipanda kilima. Fernande akatokea, wima, skafu ikipepea. Nyuma yake, magoti yametanuka na kofia imembana mashavu, alikaa Ghislain, amemshika kiunoni kwa vidole viwili tu, kwa heshima.

Kijiji kizima kilipiga kelele. Mtu akauliza kama harusi ni lini.

"Nyamazeni!" akafoka Ghislain. "Nimeombewa lifti na panya!"

Niliwarushia maji zaidi ya wengine wote. Fernande akajipangusa uso, akanikonyeza, akatia gia, na msafara ukamfuata.

Mchana ule walikwenda mpaka ng'ambo ya ziwa, kwenye kibanda cha chipsi zenye jibini na mchuzi ambacho siku hiyo ndiyo kilifunguliwa kwa mara ya kwanza tangu vuli. Walikula wamesimama, maana viti bado vilikuwa vimelowa. Ghislain aliniambia mwenyewe kwamba walipomaliza alimwomba Fernande ampe usukani wakati wa kurudi, hata nusu ya njia tu.

"Akasemaje?" nikamwuliza.

"Akaniambia nipande nyuma na nishike vizuri, Padri. Kwa mikono yote miwili."