Mama Brashi na Mlima Uliomfukia Mumewe

Jua limeshachoma mgongo. Mama Brashi amepiga magoti ndani ya handaki la mawe ya kijivu, anafuta vumbi kwa brashi, mkono mwepesi kama anayemwosha mtoto mchanga. Mbele yake mgongo wa samaki unajitokeza kwenye jiwe, mwiba kwa mwiba.

"Taratibu, baba," anamwambia samaki.

Wenzake wanacheka. Wamezoea kumtania kwamba ameolewa na samaki. Watafiti wanaowachimbua samaki hawa waliogeuka mawe wanasema hapa palikuwa ziwa kabla dunia haijamwona binadamu. Tope likageuka mawe, tabaka juu ya tabaka, na samaki wakabaki humo humo.

Baadaye sana mlima huu ukawa machimbo ya mawe ya kujengea. Mumewe alikuwa mpasua mawe, mtu wa maneno mengi, asiyetoka nyumbani bila kumchokoza mkewe. Asubuhi moja ya mvua, miaka kumi na mmoja iliyopita, aliisema chai kuwa haina sukari. Wakanuniana. Mchana upande wa mashariki ukaporomoka, ukamfukia. Wenzake walichimba siku mbili, kisha wakakatazwa, maana mlima ulikuwa bado unateleza.

"Watu husema nimezika mume. Sijazika," anasema. "Alifukiwa. Aliyezikwa unajua kichwa kiko wapi, unajua pa kung'oa majani."

Watafiti walipokuja, aliwahi kuomba kazi kabla ya wote. Posho inamtosha unga na sabuni, lakini si posho iliyomleta. Msimu wa kwanza tu alimwomba kiongozi wao, dada mpole anayeitwa Daktari, wachimbe mashariki. Akajibiwa kwa huruma kwamba fedha za kazi hufuata samaki.

Tangu hapo anawaombea samaki wachomoze mashariki. Wakichomoza magharibi, hufuta vumbi na kuendelea na kazi. Akichomoza mmoja mashariki, siku hiyo hata uji hunywa vikombe viwili.

"Inauma," anakiri. "Samaki wa enzi na enzi anatafutwa kwa brashi. Mume wangu wa juzi tu, hakuna anayemuulizia."

Juma hili tabaka lenye samaki limeonekana likiinama kuelekea chini ya maporomoko. Daktari amemwita pembeni, akamwambia kwamba msimu ujao handaki litageukia huko, ila asijipe matumaini makubwa, kwani kifusi ni kingi. Mama Brashi aliitikia kwa adabu. Matumaini alishajipa zamani.

Kilichobaki ni ombi moja kwa wenzake.

"Siku tukimfikia, wanaume waweke sururu chini," anasema. "Vumbi lake nitalifuta mwenyewe."